Barafu Iliyogandishwa na Anga

Jua lilipokaribia kutua katika miezi ya baridi, kwenye uwanda wa Allahabad kaskazini mwa India, watu walikuwa wakimimina maji katika vibakuli vya udongo vilivyopangwa safu kwa safu ndani ya mashimo mapana. Hapakuwa na mlima wa theluji karibu, wala mashine, wala dawa yoyote iliyotiwa majini. Kwenye madimbwi na birika za jirani ni wachache sana waliowahi kuona utando wa barafu, tena kwa nadra. Hata hivyo, kabla jua halijachomoza, wafanyakazi walirudi na vikapu, wakang'oa barafu kutoka vibakulini na kuipeleka ghalani. Shahidi wa kazi hiyo alikuwa Sir Robert Barker, ofisa wa jeshi la Kampuni ya India Mashariki, na maelezo yake yalichapishwa London mwaka 1775 katika jarida la Royal Society. Barua yake ni fupi, lakini imejaa vipimo na mambo aliyoyaona kwa macho yake, na ndiyo inayotuwezesha leo kuijua kazi ambayo wenyewe walioifanya hawakuiandika.

Historia ya barafu katika nchi za joto husimuliwa kwa kawaida kama historia ya kitu kilicholetwa. Mwezi Mei 1833 meli iitwayo Tuscany iling'oa nanga Boston ikiwa imepakia barafu iliyokatwa kwenye maziwa ya Massachusetts, na Septemba ikafika Calcutta. Baadaye zikaja mashine za kugandishia, kisha friji za majumbani. Katika masimulizi hayo mtu wa nchi ya joto ni mnunuzi tu, amesimama gatini akistaajabu. Mimi nashikilia kwamba masimulizi hayo yamekosea tangu mwanzo. Wagandishaji wa bonde la Ganges walikuwa wamekwisha kuyamudu kwa vitendo mambo mawili ambayo wataalamu wa Ulaya walikuwa bado wanayahangaikia: kwamba maji hugandishwa na joto linaloyatoka, hata kama hewa iliyoyazunguka haijafikia baridi ya kugandisha, na kwamba kutokwa na joto peke yake hakutoshi, kwa kuwa maji huhitaji pia kitu cha kuyaanzisha. Tena mashimo yao ndiyo yaliyowapa wataalamu wawili wa Uingereza, Joseph Black na William Charles Wells, mfano ambao walilazimika kuufafanua.

Tuyatazame mashimo yenyewe, kwa kuwa hoja yote imo humo. Barker anasema yalichimbwa matatu au manne kwenye uwanja mkubwa ulio wazi, kila moja likiwa na upana wa futi 30 hivi kila upande na kina cha futi 2. Chini yalitandikwa mabua makavu ya miwa au ya mahindi, tandiko lenye unene wa inchi 8 hadi futi nzima. Juu ya tandiko hilo vilipangwa vibakuli vidogo bapa, vimekaribiana safu kwa safu, vya udongo uliochomwa bila kupakwa kitu cha kuziba vinyweleo vyake. Ukuta wa kibakuli ulikuwa na unene wa robo inchi, na kina chake kilikuwa inchi moja na robo. Maji yaliyotiwa humo magharibi yalikuwa yamechemshwa kwanza. Alfajiri barafu ilikusanywa, ikapelekwa kwenye shimo la kuhifadhia lenye kina cha futi 14 au 15, lililozungushiwa majani makavu na mablanketi mazito, ikashindiliwa kwa nguvu hadi vipande vyote vikawa donge moja. Mdomo wa shimo hilo ulizibwa kwa majani na mablanketi, kisha ukaezekewa paa. Akiba hiyo ndiyo iliyosubiri joto la Aprili na Mei.

Kila kipengele hapo kina sababu yake, na ili kuiona sababu lazima tuingie ndani ya barafu. Molekuli ya maji ina atomu moja ya oksijeni na mbili za haidrojeni, na hizo mbili hazikukaa kwenye mstari ulionyooka. Zimepinda zikafanya pembe ya nyuzi 104.5. Kwa kupinda huko, upande wa oksijeni huwa na chaji hasi kidogo na upande wa haidrojeni chaji chanya, hivyo haidrojeni ya molekuli moja huvutwa na oksijeni ya jirani yake. Katika maji yanayotiririka molekuli hushikana na kuachana ndani ya sehemu ndogo mno ya sekunde, kama watu sokoni wanaopeana mikono na kupita. Maji yakiganda, kila molekuli huwashika majirani wanne na kubaki nao. Mpangilio huo ukirudiwa pande zote hutokea matundu yenye pembe sita, mfano wa sega la nyuki, na kwa kuwa sega lina nafasi tupu ndani yake, barafu huchukua nafasi kubwa kuliko maji yaliyoifanya kwa takriban asilimia 9. Ndiyo sababu barafu huelea, na ndiyo sababu chupa iliyojazwa maji hadi mdomoni ikisahauliwa kwenye friza hupasuka.

Lakini kwa mgandishaji jambo zito zaidi ni jingine. Molekuli zikishikana hutoa joto, na joto hilo lazima litoke nje ya kibakuli, la sivyo litazifungua zile zilizokwisha kushikana. Kilo moja ya maji iliyokwisha kupoa hadi nyuzi 0 za sentigredi inadaiwa bado kilojuli 334 kabla haijawa barafu yote, na muda wote inapolipa deni hilo kipimajoto kimesimama palepale kwenye 0. Ni joto kubwa: lingetosha kuipasha kilo hiyohiyo ya maji kutoka nyuzi 0 hadi karibu nyuzi 80. Joseph Black, alipokuwa akifundisha Glasgow mwanzoni mwa miaka ya 1760, ndiye aliyelitambua na kulieleza kuwa ni joto lililofichika, kwa sababu kipimajoto hakilioni. Kwa hiyo anayetaka barafu katika nchi yenye joto ana swali moja la kujibu kila jioni: joto hili nitalipeleka wapi usiku huu?

Halikwenda hewani, kwa sababu hewa ilikuwa na joto kuliko barafu, na joto halitoki penye baridi kwenda penye joto kwa hiari yake. Halikwenda ardhini, kwa sababu ardhi ya bonde la Ganges imeshiba jua la mchana, na tandiko nene la mabua makavu liliwekwa makusudi kuyatenga maji na ardhi hiyo. Zimebaki njia mbili. Ya kwanza anaijua kila mtu aliyewahi kuteka maji ya mtungi: udongo hutoa jasho, jasho hukauka, na katika kukauka huchukua joto la maji yaliyobaki. Njia hii ina nguvu, kwa kuwa kilo moja ya maji ikigeuka mvuke kwenye nyuzi 0 hubeba takriban kilojuli 2,500, joto linalotosha kulipa deni la kilo 7 na zaidi za barafu. Si ajabu basi kwamba wengi walioyaona mashimo, wakishika vile vibakuli vyenye vinyweleo, walidhani siri yote imo katika uvukizi. Njia ya pili haionekani kwa macho wala haihisiwi kwa mkono. Kila kitu chenye joto hutoa mnururisho, nao husafiri moja kwa moja hata pasipo hewa. Usiku usio na mawingu, hasa hewa ikiwa kavu, sehemu kubwa ya mnururisho wa uso wa dunia hupenya na kupotelea juu, na anga hairudishi wa kutosha kufidia.

Mtu akiuliza kama kweli anga inaweza kupokea joto lote hilo, hesabu ni nyepesi. Mita moja ya mraba ya vibakuli, ikiwa na maji ya kina cha sentimita moja, ina kilo 10 za maji. Deni lake la kuganda ni kilojuli 3,340. Likigawanywa kwa usiku wa saa 12, inatakiwa kutoka wati 77 hivi kwa kila mita ya mraba bila kukoma, na usiku mkavu wenye nyota uso ulio wazi hupoteza joto kwa kiasi kinachokaribia hapohapo, wati 60 hadi 100. Yaani kina cha sentimita moja kinawezekana kwa shida, na cha sentimita kumi hakiwezekani kabisa. Sasa utazame tena ule ubapa wa kibakuli. Aliyekifinyanga hakuijua wati, lakini alijua kwa usahihi wa kustaajabisha kiasi gani cha maji usiku mmoja unaweza kukilipia.

Ushahidi wa kuamua kati ya njia hizo mbili ulitoka kwenye hali ya hewa, na hapa Barker alituachia sentensi zenye thamani kuliko vipimo vyake vyote. Aliona kwamba baada ya usiku wa baridi kali, baridi inayouma mwilini, mara nyingine barafu ilikuwa haba au haikuwepo kabisa; na usiku mwingine uliokuwa na vuguvugu lakini umetulia na mbingu ni safi, vibakuli viliganda hadi chini. Upepo wa kugeukageuka na mawingu viliharibu kazi yote. Aliona pia kwamba shimo moja liliweza kuganda ilhali jingine lililo mwendo wa maili moja au mbili tu, lililoandaliwa vilevile, lisigande. Mambo haya yalimtatiza. Kwa mtu anayeamini kwamba baridi ya hewa ndiyo hugandisha, ni vioja. Kwa mtu anayejua kwamba joto linakwenda angani, ndivyo hasa inavyopaswa kuwa: wingu ni blanketi linalourudisha mnururisho chini, na upepo huleta hewa yenye joto juu ya maji kila dakika.

William Charles Wells, daktari wa London aliyezaliwa Charleston huko Marekani, ndiye aliyeifunga hoja hiyo katika kitabu chake kuhusu umande cha mwaka 1814. Alikuwa akitafuta kwa nini umande huonekana kwenye majani usiku fulani na usiku mwingine usionekane, akafikia jibu kwamba majani hupoa kuliko hewa kwa kurusha joto lao angani. Kisha akaigeukia barafu ya India. Kama uvukizi ungekuwa sababu kuu, alisema, upepo ungesaidia, kwa sababu upepo hukausha; kumbe upepo ndio adui. Na majani yaliyotandikwa yangefaa yakiwa yameloa, kwa kuwa unyevu wake ungevukiza na kupoza vibakuli kutoka chini. Kumbe taarifa nyingine, iliyoandikwa kutoka Benares mwaka 1793, ilisisitiza kwamba majani lazima yawe makavu. Wagandishaji walikuwa wamekwisha kulitatua suala hilo kwa vitendo, usiku baada ya usiku. Wells alilipa lugha. Mkulima wa chai wa Limuru au wa viazi wa Njombe anaujua usiku wa namna hiyo bila kufundishwa: jioni imetulia, mbingu imetakata, nyota zinametameta, na yeye hapati usingizi kwa sababu alfajiri jalidi itakuwa imeunguza majani.

Simaanishi kwamba uvukizi haukuwa na sehemu yake. Udongo wenye vinyweleo na hewa kavu ya Januari havikuwa bure, na hasa mwanzoni mwa usiku, maji yakiwa bado vuguvugu, uvukizi huondoa joto kwa kasi. Wells, kwa bidii yake ya kuushinda, aliupunguzia haki yake kupita kiasi. Lakini ukipima lipi likiondolewa barafu hutoweka, jibu ni anga safi. Ndiyo maana kazi ilifanyika uwanjani mbali na miti na kuta, wala si chini ya kivuli ambako mtungi ungepoa vizuri zaidi.

Kuna jambo moja ambalo halihusu anga wala upepo, nalo ni lile la kuchemsha maji. Kwa nini mtu anayetaka barafu aanze kwa kuyatia maji moto? Barker alilitaja bila kujitwisha kazi ya kulieleza, na Joseph Black, yule wa joto lililofichika, akalijaribu mwaka huohuo wa 1775 na kuandika matokeo yake katika jarida lilelile. Aliweka nje, penye baridi ya kugandisha, maji yaliyochemshwa yakapoa na maji ambayo hayakuchemshwa, katika vyombo vinavyolingana. Yaliyochemshwa yalianza kuganda mara tu yalipofika kiwango cha kuganda. Yasiyochemshwa yalishuka chini ya kiwango hicho yakabaki maji. Yakikorogwa kidogo, barafu ilitokea papo hapo. Black alidhani kwamba maji yaliyochemshwa, yakiwa yamepoteza hewa iliyokuwa imeyeyuka ndani yake, huanza kuivuta hewa tena, na mtikisiko mdogo wa hewa inayoingia huyaamsha.

Alichokigusa Black hapo ni sehemu ngumu kuliko zote katika kuzaliwa kwa barafu. Molekuli chache zikijipanga kwa sega la pembe sita katikati ya maji, kundi hilo dogo huwa halina nguvu. Zilizo pembeni mwake zinavutwa na vurugu ya maji, na aghalabu linasambaratika kabla halijakua. Linahitaji kufikia ukubwa fulani ndipo kukua kuwe kwepesi kuliko kuvunjika. Punje ya vumbi, mkwaruzo kwenye ukuta wa chombo, au kipande cha barafu kilichokwisha kuwepo hulipa kundi hilo mahali pa kuegemea. Pasipo msaada wa namna hiyo, matone madogo ya maji safi yanaweza kushuka hadi karibu nyuzi 38 chini ya 0 bila kuganda. Bonde la Ganges halikuwa na nyuzi za kupoteza: usiku wote uliweza kuyashusha maji hadi 0 na chini kidogo tu. Maji yaliyochelewa kuanza yangepambaukiwa na jua yakiwa bado maji. Kibakuli chenye uso wa kukwaruza, kisichong'arishwa, kilikuwa na maelfu ya mahali pa kuegemea, na naona ni haki kulihesabu hilo miongoni mwa faida zake hata kama mfinyanzi alikuwa akifikiria vinyweleo tu.

Hapa atasimama mtu aseme: huo ulikuwa ufundi, haukuwa sayansi, hawakuwa na nadharia, walibahatisha wakashika kilichofaa. Pingamizi hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu ni kweli kwamba hakuna maandishi ya mgandishaji hata mmoja yanayosema kwa nini mabua yawe makavu. Lakini anayebahatisha habagui. Watu hawa walibagua kwa ukali: usiku gani ujazwe na upi uachwe, uwanja upi, kina gani, majani ya hali gani, maji yaliyotayarishwa vipi. Yaelekea walibadilisha jambo moja na kuona matokeo yake asubuhi, kisha wakarudia mwaka baada ya mwaka. Tukumbuke pia kwamba nadharia zilizokuwapo London mwaka 1775 zilikuwa dhaifu kuliko kazi yenyewe. Miaka karibu 40 ilipita kabla ya Wells. Katika kipindi hicho aliyekuwa na maarifa sahihi zaidi juu ya kupoa kwa usiku ni yule aliyekuwa na kikapu mkononi pale Allahabad, na aliyekuwa London akisoma habari zake alikuwa bado anatafuta maneno.

Wala kazi hiyo haikuota peke yake. Abul Fazl, katika kitabu chake kuhusu utawala wa mfalme Akbar, anaeleza jinsi maji ya kunywa yalivyopozwa kwa shura, ile chumvi ya kutengenezea baruti, na jinsi theluji ilivyoteremshwa kutoka milima ya kaskazini kwa mashua, kwa magari na kwa mabega ya wachukuzi hadi Lahore, mfalme alipohamia Punjab katika miaka ya 1580. Barker naye aliona barafu ikichanganywa na shura na chumvi ya kawaida ili kugandisha sharbati. Uajemi kulikuwa na nyumba za barafu zenye kuba za udongo, na kando yake ukuta mrefu uliotupa kivuli juu ya vidimbwi vya kina kifupi vilivyojazwa maji usiku wa baridi: anga ileile, deni lilelile. Na Kiswahili kinabeba kumbukumbu ya mkondo huo katika neno lenyewe. Barafu ni neno lenye asili ya Kiajemi, ambako barf ni theluji ya kuanguka, na maji yaliyoganda yana jina lake, yakh. India neno hilo lilipanua maana likachukua pia barafu ya kuwekwa kwenye kinywaji, na maana hiyo pana ndiyo tuliyo nayo sisi. Theluji tuliipata kwa Waarabu, barafu kwa watu wa upande wa pili wa bahari. Nadhani si kubahatisha sana kusema kwamba lilifika pwani yetu midomoni mwa watu ambao kwao barafu ilikuwa bidhaa.

Pingamizi kubwa zaidi ni la soko. Ikiwa maarifa ya Ganges yalikuwa makubwa kiasi hicho, kwa nini yalishindwa na meli moja? Tuscany ilipakia Boston tani 180 hivi, ikavuka ikweta mara mbili kwa miezi minne, na iliteremsha Calcutta tani 100 hivi. Frederic Tudor, aliyeituma, alikuwa amehangaika na biashara hiyo tangu alipopeleka shehena yake ya kwanza Martinique mwaka 1806, na mshirika wake Nathaniel Wyeth alikuwa amebuni jembe la kukokotwa na farasi lililoyakata maziwa katika vipande vya mraba vinavyopangika bila mwanya. Gavana Mkuu Bentinck alimtunuku kikombe cha fedha mwakilishi wa biashara hiyo. Barafu ya Boston ilikuwa safi kama kioo na ilikuja kwa matofali makubwa, ilhali ile ya vibakuli ilikuwa vipande vyembamba, mara nyingi vikiwa na mchanga, na haikufaa kutiwa ndani ya glasi. Wakazi wa Calcutta wenye uwezo walichanga fedha za kujenga nyumba ya kuhifadhia. Madras na Bombay nazo zikajengewa. Ile ya Madras imesimama hadi leo ufukweni Chennai, ingawa matumizi yake yamebadilika.

Nakubali yote hayo. Lakini soko hupima bei na usafi, halipimi nani alielewa nini. Mkazi wa Massachusetts alipata barafu kwa sababu majira ya baridi yaliigandisha ziwani bila kumwomba ruhusa. Ustadi wake ulikuwa katika kukata, kufunga kwa vumbi la mbao na kusafirisha. Na kilichoifanya safari iwezekane ni zile kilojuli 334 zilezile: joto linalofanya maji yawe magumu kuganda ndilo linaloifanya barafu iwe nzito kuyeyuka, na tofali kubwa lenye uso mdogo kwa ujazo wake hulipa polepole. Tudor aliuza subira ya barafu. Mgandishaji wa Ganges aliitengeneza barafu pasipokuwa nayo. Ni kazi mbili tofauti, na kushinda kwa ya kwanza sokoni hakuipunguzi ya pili. Wakati huohuo meli za Salem, bandari iliyo jirani na Boston, zilikuwa zikija Unguja kuchukua pembe na sandarusi, zikileta kitambaa tulichokiita merikani. Mkataba wa biashara kati ya Sayyid Said, mtawala wa Oman na Unguja, na Marekani ulitiwa sahihi Muscat Septemba 1833, mwezi uleule Tuscany ilipotia nanga Calcutta. Kitambaa cha pamba na barafu vilitoka pwani moja, na vyote viwili vilikuta nchi zenye mafundi wao tayari.

Mwaka 1878 Bengal Ice Company ilianza kugandisha kwa mashine, na ndani ya miaka michache meli za Boston zikaacha kuja. Utawala wa Tudor Calcutta haukufika hata nusu karne. Mashimo ya vibakuli yalikuwa yameanza kuachwa kabla ya mashine hizo, kwanza karibu na miji ya bandari, kisha bara. Si haki kuyalilia bila kutaja gharama yake. Kukusanya barafu alfajiri, vidole vikiwa ndani ya vibakuli vilivyoganda, ilikuwa kazi ya ujira mdogo, na barafu yenyewe ilikwenda kwenye meza za maofisa na matajiri. Waliojua usiku upi utaganda hawakuwa wao waliokunywa kinywaji baridi mwezi Mei. Majina yao hayakuandikwa. La Barker, la Black na la Wells yaliandikwa.

Sura ya ndani ya barafu ilianza kuonekana katika karne ya 20. William Henry Bragg alipendekeza mpangilio wa oksijeni mwaka 1922 kwa kutumia miale ya eksirei. Bernal na Fowler mwaka 1933 wakaeleza mahali haidrojeni zinapokaa kati ya oksijeni na oksijeni. Pauling mwaka 1935 akaonyesha kwamba haidrojeni hizo zina uhuru wa kujipanga kwa namna nyingi ndani ya sega lilelile. Lakini kujua barafu iliyokamilika imekaaje si kujua ilianzaje, na swali la kuanza lilirudi kutoka Tanganyika. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, mwanafunzi wa kidato cha tatu katika shule ya sekondari ya Magamba, alikuwa akitengeneza aiskrimu. Alichemsha maziwa, akayatia sukari, na kwa kuhofia kukosa nafasi kwenye friza akayaingiza yakiwa moto. Yaliganda kabla ya yale ya mwenzake. Alipouliza aliambiwa amechanganyikiwa. Hakuacha kuuliza, na mwaka 1969 yeye na Denis Osborne wa Chuo Kikuu Kishiriki cha Dar es Salaam walichapisha majaribio yao juu ya maji ya moto kuganda kabla ya maji baridi.

Mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden waliyapima upya madai hayo nchini Uingereza, na hawakupata ushahidi kwamba maji ya moto hutangulia kufika nyuzi 0. Wengine wamelichukulia hilo kuwa mwisho wa mjadala. Mimi silichukulii hivyo, kwa sababu kufika 0 na kuanza kuganda ni mambo mawili, na hilo ndilo Black alilolionyesha mwaka 1775 kwa maji yaliyokuwa tayari yamepoa: yote mawili yalikuwa na safari ileile ya kwenda 0, moja likaanza kuganda pale na jingine likapitiliza. Kipimo kinachosimama kwenye 0 hakiwezi kuiona tofauti hiyo. Maziwa ya Mpemba yalikuwa yamechemshwa. Maji ya vibakuli vya Allahabad pia yalikuwa yamechemshwa, na waliokuwa wakiyamimina magharibi walikuwa na usiku mmoja tu wa kuona yataanza saa ngapi.